Shajara ya mradi: Fallout New Vegas kwa Kiswahili (Goodsprings kwanza, mengine tutaona)

Siku ya 1

Naandika hii kwa sababu moja tu, mara ya mwisho nilivyoanza kumodi hili gemu, yani kubadilisha faili zake, niliacha kama miezi mitatu hivi, narudi nakuta folda zimeitwa "mpya", "mpya2", "mpya ya mwisho", "mpya ya mwisho kweli", sikumbuki ipi ni ipi, nikafuta zote kwa hasira. Safari hii kila nikigusa kitu nakiandika.

Mradi ni kuitia Fallout: New Vegas maandishi ya Kiswahili. Sauti siziwezi, naongelea yale maandishi ya chini watu wakiongea, majina ya vitu, na majibu unayochagua. Na sio gemu zima, niko na akili zangu timamu. Linatajwa kuwa na mistari ya maongezi kama 65,000, nikipiga mistari 40 kila usiku bila kukosa hata siku ya derby ni zaidi ya miaka minne. Kwaiyo ni Goodsprings tu, kijiji cha kwanza, kuanzia unapoamka kitandani kwa Doc Mitchell, daktari wa kijiji, mpaka unatoka kushika barabara.

Chanzo ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, likizo anashinda kwangu. Anaipenda balaa ila anacheza kwa kubonyeza tu, mtu akifungua mdomo yeye anapiga kitufe, piga, piga, piga, mpaka wanyamaze aondoke. Alafu akitoka kijijini anashika kaskazini moja kwa moja maana taa za Vegas zinaonekana upande huo, na kaskazini kuna Cazador, yale manyigu makubwa kama mbuzi. Kafa mara nane. Nane! Wakati wanakijiji wenyewe wanakuelekeza ukapitie kusini, mji wa Primm. Nikamuuliza we mbona husomi, akanijibu "Anko, hicho Kizungu kirefu." Sikua na jibu.

Siku ya 3

Laptop ni ya mtumba, i5 ya zamani, RAM 8, kadi ya grafiki haina. Ndio maana nipo na gemu la 2010 na sio Cyberpunk wala Starfield, hizo naziangalia kwenye video tu kama mtu anavyoangalia nyumba za Masaki. Ila sijutii. New Vegas ilitengenezwa na Obsidian kwa kama miezi 18 tu, kwa injini waliyorithi kutoka Fallout 3, na unaiona haraka yao kila mahali, mtu anazama ardhini mpaka kiunoni huku anakuhutubia habari za kodi. Lakini maandishi yake, daah. Kila mtu ana sababu zake. Ni mwaka 2281, jangwa la Mojave, wewe ni mbeba mizigo umepigwa risasi ya kichwa kwa ajili ya chipu moja ya kamari, unaamka, na hakuna anayekulazimisha uwe mtu mwema.

Leo nimesafisha msingi kwanza. 4GB Patcher (gemu ni la biti 32, bila hiyo linatumia kumbukumbu ya GB 2 tu hata uwe na RAM ya serikali), xNVSE ambayo modi nyingine zinaitegemea, NVTF ya kupunguza kukwama kwama, na YUP ambayo ni kifurushi cha marekebisho ya hitilafu kilichotengenezwa na wachezaji wenyewe. 4GB Patcher na xNVSE zinakaa kwenye folda ya gemu lenyewe, zilizobaki nimepitisha kwenye Mod Organizer 2, maana hiyo haigusi folda ya gemu kabisa, ukiharibu unazima tu modi na gemu linabaki bikra. Ambae bado anakopi faili moja kwa moja kwenye folda ya Data, mimi namuombea.

Gemu limewaka, nimezunguka kijiji dakika arobaini halijakrashi. Nimelala saa saba.

Siku ya 4

Umeme hakuna. Nimeandika majina kwenye simu, ndani ya daladala.

Siku ya 6

Majina nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe.

Courier nimeweka Tarishi. Hii sikufikiria hata dakika, mjomba wangu alikua tarishi ofisini miaka mingi, anabeba bahasha za wakubwa asizoruhusiwa kufungua, na ndio stori nzima ya hili gemu hiyo. Caps ni visoda, hapo hakuna mjadala, sisi wenyewe tumekua tukichezea visoda kama hela. Na kuna vile vyenye nyota ya bluu vya soda ya Sunset Sarsaparilla ambavyo watu wa Mojave wanauana kwa ajili yake wakidhani kuna zawadi kubwa mwisho wa safari, mtu yeyote aliyewahi kukwangua chini ya kizibo cha soda akitafuta pikipiki anaelewa bila maelezo.

Powder Gangers ni wafungwa waliotoroka na baruti za kazi ya reli, nimewaita Wanabaruti. Gecko nikaweka mjusi kafiri, alafu nikacheka peke yangu, maana mjusi kafiri ndie huyu wa ukutani kwangu na yule wa gemu anafika kiunoni na anakung'ata. Nimeiacha hivyo hivyo. Mtu aende kisimani na Sunny Smiles, mwanakijiji anayekufundisha mambo ya mwanzo, akijua anaenda kufukuza mijusi kafiri, akifika akutane na maajabu yake.

Ile dawa anayokufundisha kutengeneza Sunny kwa ua la broc na mzizi wa xander nimeita dawa ya kienyeji. Skills: Sneak ni Kunyata, Repair ni Ufundi, Explosives ni Milipuko, Speech ni Ushawishi. Zile sifa saba za mwanzo ndio msiba, Kiingereza zinaunda neno SPECIAL, zangu ni Nguvu, Utambuzi, Ustahimilivu, Mvuto, Akili, Wepesi, Bahati. NUUMAWB. Nimejaribu kuzipanga usiku mzima zitoe neno la maana, hazitoi, na hata zingetoa mpangilio wenyewe gemu limeushikilia. Kwenye ile mashine ya kupima kwa Doc Mitchell zinaonekana mojamoja kwaiyo hakuna atakaejua, tuendelee.

Siku ya 7

Nimefanya ujinga. Nilikua na orodha ya maneno yanayojirudia nikasema ngoja nitumie tafuta-na-badilisha kwa faili zima niokoe muda. "House" kwenda "Nyumba". Nimeingia kwenye gemu nikasoma kwamba Vegas inatawaliwa na Bwana Nyumba, yani Mr. House mwenyewe.

Nimerudisha nakala ya jana. Kuanzia leo hakuna kubadilisha kwa mkupuo.

Siku ya 10

Hii ndio siku iliyonifundisha kwamba injini za hawa watu ziliandikwa na mtu asiejua ngeli.

Ukiokota kitu gemu linachukua jina la kitu, linabandika neno la "added" nyuma yake, basi. Kwa Kiingereza imeisha hiyo. Sasa weka Kiswahili. Kisu kimeongezwa. Bunduki imeongezwa. Maji yameongezwa. Mkate umeongezwa. Neno ni moja tu kwa vitu vyote, sina sehemu ya kuliambia gemu kwamba hiki ni KI-VI na hiki ni LI-YA. Siku ya kwanza niliweka "imeongezwa" kwa vyote nikasema watu watavumilia, dogo akaokota kisu akasoma kwa sauti "Kisu imeongezwa", akanigeukia, "Anko huyu aliyetafsiri katokea wapi?"

Basi nimelala nikifikiria hilo. Dawa yake ni kukimbia kitenzi kinachofuata ngeli. Neno la nyuma likawa "mkononi". Kisu mkononi. Maji mkononi. Bunduki mkononi. Inasomeka kama mtu anaripoti kwa redio na nimeipenda kuliko hata ya Kiingereza. Tatizo hilo hilo kwenye makabati yaliyo matupu, gemu linaandika jina alafu tupu kwenye mabano, na -tupu nayo inabadilika, droo tupu, kikapu kitupu, mfuko mtupu. Nimeweka "hamna kitu", inakubali kila ngeli iliyoumbwa.

"Talk" nayo, linaandika Talk alafu jina la mtu, kwaiyo nikiweka "Ongea" inatoka "Ongea Sunny Smiles" kama namuamrisha aongee. Nimeweka "Ongea na". Herufi mbili tu ila nilizitafuta saa nzima ziliko.

Siku ya 11

Yale majina niliyoandika kwenye simu siku ya umeme kukatika nimeyahamishia kwenye xTranslator, programu ninayotafsiria. Kuna wale ng'ombe wa vichwa viwili, gemu linawaita brahmin. Nimekwenda kwenye zizi, nimemwangalia mmoja, skrini inasoma: NgâE™ombe.

Yani sio hata hivyo, ni ngâ€™ombe, hata kuandika hapa nimekosea mara ya kwanza. Nilidhani fonti imeharibika. Nikabadilisha fonti, bado. Kumbe simu ukiandika ng' inakuwekea ile alama iliyopinda kwa urembo, na inaihifadhi kwa UTF-8, wakati hili gemu linasoma Windows-1252, kwaiyo alama moja inageuka vidudu vitatu. Tiba ni kutumia ile alama iliyonyooka ya kwenye kibodi. Nimepitia kila ng'ombe, ng'oa, kung'ata, ng'ambo, moja moja. Lugha nzima haina herufi yenye kofia wala mkia, Wafaransa na Wajerumani ndio walitakiwa kuteseka, mimi nimekuja kukwama kwenye kidoti cha ng'ombe.

Siku ya 15

Mistari ya Doc Mitchell imeisha. Nimempa dogo acheze, mimi nimekaa nyuma nanywa chai.

Akasoma yote. Sikumwambia asome. Lile zoezi ambalo Doc anakutajia neno nawe unajibu la kwanza linalokujia kichwani, amefika kwenye "Mama", moja ya majibu ni kumtumia kama ngao ya risasi, akaruka kwenye kiti, "Anko hiki kitu kilikuepo siku zote?!" Kilikuepo tangu 2010 mwanangu.

Ila akanipiga swali moja likaniharibia usiku. Kasema, huyu mzee kamtoa mtu risasi kichwani, kamlaza kwake, kampa na nguo za marehemu, alafu Tarishi anaamka anamjibu "wewe ni nani"? Hana hata shikamoo?

Na kweli. Nilikua nimetafsiri maneno, sikuangalia nani anaongea na nani. Kiingereza kina "you" moja, mzee, mtoto, jambazi, roboti, wote "you". Nikarudi mwanzo kabisa. Nimekaa na karatasi nikaandika kila mtu wa Goodsprings na anaitwaje na nani. Doc ni mzee, anamwita Tarishi "mwanangu" kwa sababu umri unaruhusu na jinsia ya mchezaji siijui. Easy Pete ni mzee, shikamoo, na anaitikia marahaba kabla hajaanza stori zake za kuchimba. Trudy mwenye baa nilimuweka "mama Trudy", dogo akakataa, kasema mwenye baa anaitwa dada hata awe na wajukuu, nikakubali maana ana hoja. Sunny ni wa rika, anaongea kirafiki, "mambo". Chet wa dukani anaita kila mtu "bosi" mpaka ukitaka kumkopa.

Na Joe Cobb, yule Mnabaruti anayekuja kumtisha Trudy ndani ya baa, nikamuondolea adabu zote. Hasalimii. Anaanza na "we mama". Kwa Kiingereza unajua ni mtu mbaya kwa sababu anatishia kuua, kwa Kiswahili unajua kabla hajafika hapo.

Kazi ya wiki mbili nimeandika upya karibu nusu. Siudhiki, hii ndio ilikua inakosekana.

Siku ya 16

Dogo anauliza Platinum Chip, ile chipu ya kamari, nimeitaje. Nikamwambia Chipu ya Platinamu. Akasema "chipsi". Tangu hapo kila kitu ni chipsi, Benny (yule aliyempiga Tarishi risasi) kaiba chipsi, mtu kapigwa risasi kwa chipsi, hajaongezewa hata yai.

Siku ya 19

Hili ni la wanaomodi, wengine rukeni.

Niligundua kwamba plagini yangu (faili la modi lenye Kiswahili changu) inarudisha hitilafu ambazo YUP ilishazirekebisha. Nimefungua FNVEdit, programu ya kukagua plagini, nione, rangi nyekundu kila mahali kama ajali. Sababu ni jinsi hili gemu linavyosoma plagini, halichanganyi. Ukigusa rekodi moja ya maongezi, plagini yako inabeba rekodi nzima, maandishi, masharti, skripti, vyote, na ya mwisho kupakiwa ndio inashinda. Mimi nilikopi rekodi kutoka FalloutNV.esm yenyewe, faili kuu la gemu, kwaiyo maandishi yakawa ya Kiswahili na masharti yakarudi kuwa ya 2010 na makosa yake yote. Na ukigeuza, ukaiweka YUP mwisho, inafuta Kiswahili changu kila ilipogusa. Yani mtu anaanza sentensi ya kwanza kwa Kiswahili anamalizia kwa Kiingereza, kama watu wa posta mpya.

Njia sahihi: kwenye FNVEdit chagua ile rekodi inayoshinda (kama YUP imeigusa, chukua ya YUP), ndio ukopi kwenye plagini yako kama mbadala, YUP inakua mzazi wa plagini, alafu ndio uipeleke xTranslator uandike. Maandishi yote niliyokua nayo nilishayatoa kwa XML kwaiyo kuyarudisha ilikua dakika chache. Ambacho sitafanya ni kutafsiri ile esm yenyewe na kuisambaza, hiyo ni mali ya watu, na faili lenyewe ni zito, mtu wa bando atanilaani.

Siku ya 22

Mapigano ya Goodsprings yameisha kutafsiriwa. Hapa ndio nilipopenda hili gemu zamani. Kuna mfanyabiashara anaitwa Ringo kajificha, Wanabaruti wanamtaka, na wewe unaamua uwapange wanakijiji au uwauze. Unaweza kumshawishi Easy Pete atoe baruti zake kama Milipuko yako imefika 25, Chet atoe silaha kama Biashara ni 25, Doc atoe dawa kama Tiba ni 25. Na ukiwa huna kiwango bado jibu unaliona na unaweza kulichagua, ila maneno yake ni ya mtu asiejua anachosema.

Hizi za kushindwa ndio nimezifurahia kuliko zote. Nimemfanya Tarishi asiejua milipuko aongee kama mtu anaejifanya fundi wa gari barabarani, anashika hiki anagonga kile, "hapa ni suala la waya tu mzee". Dogo anachagua za kushindwa makusudi sasa hivi.

Na maneno ya Benny ya mwanzo kabla hajakupiga risasi, kwamba mchezo ulikua umepangwa tangu mwanzo. Nilikua na "mchezo ulipangwa", limelala tu halina nguvu. Nikabadilisha: mechi iliuzwa zamani. Kila mtu hapa ameshawahi kutoka uwanjani akisema hivyo. Sina uhakika kama mtu aliyevaa suti ya miraba miaka 200 baada ya vita vya nyuklia anaweza kuongea hivyo, ila mimi ndie mwenye plagini.

Siku ya 24

Sijafika huko ila nimeandika hili nisilisahau. Kwenye gemu watu wa kawaida wanatamka Caesar, jina la kiongozi wa jeshi la Legion, kwa Kiingereza, "Siza", na watu wa Legion wenyewe wanatamka kwa Kilatini, "Kaisar". Ukimsikia mtu anatamka hivyo unajua yuko upande gani. Watafsiri wa lugha nyingine sijui walitoboaje, mimi nimeletewa mezani: Legion wanasema Kaisari, lile lile la kwenye Biblia, na wengine wote wanasema Siza. Nimeenda kusimama nje dakika tano kwa furaha.

Na kuna ile misheni yenye jina linalocheza na Mr. House na kamari, kwamba mwenye nyumba ya kamari hashindwi kamwe. Nimeandika "House haliwi". Wanaobeti wataelewa. Hilo neno lina maana nyingine ya mtaani nalijua, na nikimfikiria House mwenyewe alivyo sijaona sababu ya kulitoa.

Siku ya 27

Toleo 0.1 nimeliweka kwenye flashi, nimempa dogo na rafiki zake wawili. Ustahimilivu bado unakatika herufi mbili za mwisho kwenye Pip-Boy, ile kompyuta ya mkononi mwa Tarishi, nimeacha "Ustahimili" kwa sasa. Roboti Victor bado anaongea kama kijana wa chuo na anatakiwa awe na lafudhi ya wachunga ng'ombe, nafikiria kumpa Kiswahili cha mchunga ng'ombe wa Shinyanga, sijaamua, naogopa kuua watu kwa kicheko katikati ya simulizi.

Siku ya 28

Dogo kapiga simu saa nne usiku, mama yake anamfokea nyuma asilale na kompyuta. Hajaenda kaskazini. Kasoma kwamba kuna manyigu, kapita kusini kama alivyoelekezwa, kafika darajani Primm salama, na pale darajani kuna askari wa NCR, jamhuri ya California ya ndani ya gemu, anamsimamisha.

"Anko, huyu kaanza tena Kizungu."

Nimefungua xTranslator nikachuja Primm. Askari kijana, kachoka, anamwambia mtu asiemjua asiingie mjini. Hamjui umri, hajui ni raia au ni mhalifu, na ana bunduki. Ataanza na "bro" au na "simama hapo hapo"? Nimeandika vyote viwili nikafuta vyote viwili, sa hivi ni saa saba kasoro.

"Oya, simama hapo hapo."

Mmoja umeisha.